Takwimu za serikali zikiwa wazi, nani analazimika kujibu?

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na kati yao 543,441 ni wakaazi wa Pemba. Sensa ya 2012 iliwakuta Pemba watu 406,848. Namba hizi hazina siri. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar imezitoa pamoja na wenzao wa Bara, na aliyekaa na simu yake Konde au Kengeja anaweza kuzisoma bila ya kupiga hodi kwa mtu.

Sasa mtu huyo huyo atake kujua jambo jengine. Watu wameongezeka Pemba 136,593 ndani ya miaka kumi. Je, fedha za dawa za kituo cha afya anachokitumia yeye zimeongezeka kiasi gani? Hapo njia inakatika. Bajeti ya wizara ipo, imesomwa katika Baraza la Wawakilishi, imejadiliwa na kupitishwa. Lakini imepangwa kwa mafungu na programu, na anayetoka kwenye kitabu cha bajeti kwenda kwenye kabati la dawa la kijijini kwake hana namba ya kumfikisha huko.

Kuna namba ambazo serikali inatuhesabu sisi, na kuna namba ambazo sisi tungeweza kuihesabu serikali. Za mwanzo zimefunguliwa vizuri kuliko za pili. Mjadala wote wa takwimu huria, yaani namba za serikali zilizo wazi kwa yeyote kuzitumia, na demokrasia umekaa katika tofauti hiyo, na kwa Zanzibar tofauti hiyo inagusa kura, karafuu, ardhi na skuli.

Wazi kwa kiasi gani?

Mwezi Disemba 2007, watu wapatao thelathini walikutana mji wa Sebastopol, California, wakaandika kanuni nane za kupimia kama takwimu za serikali kweli ziko wazi. Kwa ufupi walitaka hivi: zitolewe zote isipokuwa zile zenye sababu halali ya kufichwa, zitolewe kama zilivyokusanywa, si muhtasari tu, zitoke mapema, kabla hazijapitwa na wakati, azipate yeyote, bila ya kujiandikisha wala kueleza anazitakia nini, ziwe katika muundo ambao kompyuta inaweza kuusoma, na asiwepo mwenye haki ya kumzuia mwengine kuzitumia.

Kanuni ya muundo inaonekana ni ya mafundi, lakini ndiyo inayotuumiza zaidi. Ripoti iliyochapwa, ikapigwa mhuri, kisha ikaskaniwa na kuwekwa kwenye tovuti, inasomeka kwa macho. Haijumlishiki. Mwandishi wa habari anayetaka kulinganisha wilaya zote 11 kwa miaka mitano lazima akae na kalamu, anakili jedwali moja baada ya jengine, na akikosea tarakimu moja habari yake yote inabezwa. Serikali inaweza kusema kwa ukweli kabisa kwamba imechapisha, na mwananchi akasema kwa ukweli ule ule kwamba hakupata kitu.

Halafu kuna suala la wastani. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2019/20 ulionesha kwamba umasikini wa mahitaji ya msingi Zanzibar ulikuwa asilimia 25.7, kutoka asilimia 30.4 mwaka 2014/15. Ukiishia hapo unapata habari njema, na kweli ni njema. Ukizitenganisha namba kwa visiwa, unaona kwamba umasikini wa Pemba ni mkubwa kuliko wa Unguja kwa mbali, na Micheweni imekuwa mkiani katika tafiti hizi. Wastani wa Zanzibar haumsaidii mtu wa Micheweni kudai chochote. Anayemsaidia ni mtakwimu aliyekubali kuchapisha hesabu wilaya kwa wilaya, na kwa hilo ofisi ile inastahiki kushukuriwa.

Karafuu na ile asilimia 80

Mkulima wa karafuu Pemba anauza kwa mnunuzi mmoja anayetambuliwa, Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Kuuza kwengine ni magendo. Wakati wa Rais Ali Mohamed Shein serikali ilitoa ahadi iliyo wazi: mkulima alipwe asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Ni ahadi ya kidemokrasia hasa, kwa sababu ina kipimo. Mtu anaweza kuuliza kama imetimizwa.

Lakini aulize kwa namba gani? Bei ya kununulia anaijua, inatangazwa na kubandikwa vituoni. Asilimia 80 ni ya nini, hapo ndipo penye kazi. Kuna takwimu za biashara za Umoja wa Mataifa zinazoonesha karafuu zilizosafirishwa na thamani yake, nazo ziko wazi kwa yeyote, ila zimeandikwa kwa jina la Tanzania na kwa mwaka mzima. Mkulima anahitaji kujua shirika liliuza lini, kiasi gani, daraja gani, na kwa bei gani bandarini. Akizipata namba hizo, hesabu anaifanya hata mwanafunzi wa darasa la sita. Akizikosa, ahadi inabaki kuwa jambo la kuamini au kutoamini, na hilo linategemea zaidi chama cha mtu kuliko ukweli wenyewe.

Wazee wetu hawakuwa na tovuti, lakini walikuwa na takwimu yao moja: bei ya Mombasa. Miaka ambayo bei ya shirika ilikuwa chini mno, karafuu zilivuka usiku kwa mashua kwenda Kenya. Sitetei magendo, maana nchi ilipoteza mapato na watu walifungwa na wengine kuzama. Ninasema tu kwamba mkulima alikuwa na kitu cha kulinganishia, na asipokuwa na njia ya kuhoji kwa mdomo, akahoji kwa gunia. Ndiyo maana naona kuchapisha mauzo ya karafuu, msimu kwa msimu, kungeliimarisha shirika lenyewe. Mkulima aliyeona hesabu na kuridhika nayo hana haja ya kuvuka bahari.

Kura, kituo kwa kituo

Mfano mzito kuliko yote kwetu ni uchaguzi. Mwaka 1995, uchaguzi wa mwanzo baada ya kurudi vyama vingi, Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi wa urais kwa asilimia 50.2, Maalim Seif Sharif Hamad akipewa 49.8. Mwaka 2010 Dk. Shein alipata 50.1 na Maalim Seif 49.1. Tofauti ikiwa nyembamba namna hiyo, kila karatasi ya kila kituo ina uzito wake.

Mwaka 2015 kura zilipigwa tarehe 25 Oktoba. Zilihesabiwa vituoni, matokeo yakabandikwa, mawakala wa vyama wakaondoka na nakala zao, na Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar ikaanza kutangaza jimbo kwa jimbo. Tarehe 26 Maalim Seif akasema kwamba kwa hesabu za chama chake ameshinda. Tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, akaufuta uchaguzi wote kwa maelezo kwamba ulikuwa na kasoro. Marudio yakafanyika tarehe 20 Machi 2016, na CUF, chama cha Maalim Seif, ikayasusia.

Makala hii haitafuti nani alishinda. Ninachotaka tukitazame ni namba zilivyokuwa zimekaa. Zilikuwepo, zimeandikwa kwa mkono na kutiwa saini. Kila chama kilikuwa na zake, Tume ilikuwa na zake. Kilichokosekana ni pahala pamoja ambapo raia wa kawaida, asiye na chama, angeweza kuzisoma fomu zote na kuzijumlisha mwenyewe. Kwa hivyo kila mmoja akaamini jumla ya upande wake, na maskani kwa maskani watu wakabishana juu ya kitu ambacho hakuna aliyekiona chote.

Wenzetu wa Kenya walipita njia hiyo hiyo. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu iliufuta uchaguzi wa rais, na moja ya sababu ilikuwa namna matokeo yalivyopokelewa na kuhakikiwa. Mwaka 2022 tume yao ikaamua kuziweka mtandaoni picha za fomu za matokeo, zinazoitwa 34A, kutoka vituo zaidi ya 46,000. Magazeti, vituo vya televisheni na vijana wenye kompyuta zao walizipakua na kujumlisha. Ubishi haukwisha: makamishna wanne kati ya saba walijitenga na matokeo, na kesi ikaenda tena mahakamani. Lakini safari hii majaji, mawakili na raia walikuwa wanatazama karatasi zile zile, na tarehe 5 Septemba 2022 mahakama iliyathibitisha matokeo. Aliyeshindwa alikasirika, na ana haki ya kukasirika. Hakuweza tu kusema kwamba fomu hazikuonekana.

Hapa lazima tuwe wakweli. Kenya ilikuwa na vitu viwili kwa pamoja: fomu zilizo wazi, na mahakama yenye uwezo wa kuzipima. Kwetu matokeo ya urais yakishatangazwa na Tume, Katiba ya Zanzibar haitoi nafasi ya kuyapinga mahakamani. Tukifungua fomu peke yake tutakuwa tumepata nusu ya kile walichokuwa nacho wao. Bado ningeitaka nusu hiyo, maana fomu zilizowekwa hadharani zinabaki, na mwanahistoria wa kesho atazisoma hata kama hakimu wa leo hazisomi.

Je, kweli zinabadilisha kitu?

Wanaozipigia debe takwimu huria husimulia sana kisa cha Uganda. Watafiti Ritva Reinikka na Jakob Svensson walifuatilia fedha za ruzuku zilizotumwa kwa skuli za msingi kati ya 1991 na 1995, wakakuta kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu iliyofika skuli. Baadae serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na skuli zikatakiwa kubandika fedha zilizopokea. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wachambuzi wengine walieleza baadae kwamba katika miaka ile ile mfumo mzima wa fedha ulirekebishwa, kwa hivyo sifa zote zisipewe gazeti. Nakubaliana nao. Namba ilisaidia kwa sababu juu kulikuwa na wizara iliyoamua kubana, na chini kulikuwa na mwalimu mkuu anayejua hasa anachodai.

Kisa cha Brazil kinanifundisha zaidi. Huko serikali kuu ilichagua manispaa kwa bahati nasibu, ikazikagua na kuyatangaza matokeo ya ukaguzi. Claudio Ferraz na Frederico Finan walipotazama uchaguzi wa 2004, walikuta kwamba mameya waliobainika kuwa na rushwa walipoteza kura, na walipoteza zaidi pale penye redio ya mji. Ripoti ile ile, makosa yale yale. Iliposomwa kwa sauti watu walibadilisha kura zao zaidi.

Halafu kuna ushahidi wa upande wa pili, ambao watetezi wenzangu hawapendi kuutaja. Mwaka 2019 ilichapishwa kazi kubwa iliyounganisha majaribio ya Benin, Brazil, Burkina Faso, Mexico na Uganda. Wapiga kura walipewa taarifa za utendaji wa viongozi wao, na kwa ujumla hazikubadilisha namna walivyopiga kura. Mtu anaweza kujua kwamba kiongozi wake ni mbovu na bado akampigia, kwa sababu anaogopa yule mwengine zaidi, au haamini aliyemletea taarifa, au anaona hakuna kitakachobadilika. Kwa sisi ambao siasa zetu zimekaa kwenye familia na historia kuliko kwenye ilani, matokeo haya hayashangazi.

Kwa hivyo namba haifanyi kazi kwa kuwa wazi tu. Inataka mtu wa kuifasiri kwa lugha ya barazani, na inataka ofisi ambayo kisheria haiwezi kunyamaza ikiulizwa. Pemba mtu wa kwanza tunaye. Radio Jamii Micheweni ipo, inasikika, na inazungumza na mvuvi na mkulima wa mwani kwa lugha yao. Iwapo ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ingelitolewa ikiwa na kipande cha kila wilaya, redio kama hiyo ingelikuwa na kipindi cha mwezi mzima.

Ramani iliyofunguliwa

Mtu asidhani kwamba Zanzibar haijawahi kufungua kitu kikubwa. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilirusha ndege ndogo zisizo na rubani juu ya Unguja na Pemba na kupiga picha ambazo ukizikuza unaona paa la nyumba na mnazi uliopo uani. Vijana wa chuo ndio waliofundishwa kuzirusha. Picha ziliwekwa wazi kwa dunia, na mwaka 2018 zikatumika katika shindano la kuifundisha kompyuta kuzitambua nyumba. Kwa Afrika hiyo ilikuwa kazi ya mfano, na ni ya kwetu.

Lakini ardhi ndipo penye hatari pia. Jimbo la Karnataka, India, liliziingiza kwenye kompyuta rekodi zipatazo milioni 20 za mashamba. Lengo lilikuwa kumkinga mkulima na karani mla rushwa. Utafiti uliotoka 2007 ulionesha kwamba walionufaika sana ni wanunuzi wakubwa wa Bangalore, waliokuwa na wanasheria, fedha na muda wa kuzipekua rekodi hizo. Sasa fikiria pwani zetu. Picha iliyo wazi inamfaa mpima ramani wa mwekezaji wa hoteli leo hii, kwa kompyuta yake yenye nguvu. Mzee ambaye shamba lake la eka tatu halijapata hati atahitaji mtoto wake, na bando la kutosha, na mtu wa kumfahamisha mpaka uko wapi. Kufunga picha si dawa. Dawa ni kuwa picha hiyo ichapwe na kubandikwa ofisi ya sheha, na mikataba ya kukodishwa ardhi ya pwani iwekwe wazi kwa kiwango kile kile kilichowekwa picha.

Na kuna yasiyofaa kufunguliwa kabisa. Jina la mgonjwa, orodha ya wanaopokea pensheni jamii pamoja na nambari zao za simu, chama cha mtu. Katika visiwa ambavyo watu wanajuana kwa ukoo, hata jedwali lisilo na majina linaweza kumfichua mtu iwapo shehia ni ndogo. Mtakwimu mzuri analijua hili na huzificha namba ndogo mno.

Sheria iko wapi

Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 18, inampa kila raia haki ya kupewa taarifa. Haki hiyo inahitaji sheria ya kuiendesha: nani unamuandikia, ana siku ngapi za kujibu, na akikataa unakwenda kwa nani. Bunge la Muungano lilipitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa mwaka 2016, lakini sheria hiyo ni ya Tanzania Bara. Mwandishi wa Dodoma akinyimwa ana kifungu cha kukishika mkononi. Mwenzake wa Wete anabaki na Katiba na hisani ya ofisa.

Bara nako mambo hayakwenda moja kwa moja. Tanzania ilijiunga na Ushirikiano wa Serikali Wazi, umoja wa nchi zinazoahidi uwazi kwa raia wao, mwaka 2011, mwaka ule ule ulipoanzishwa, na ikaandaa mkutano wa Afrika wa takwimu huria Dar es Salaam Septemba 2015. Mwaka 2017 ikajitoa. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ikarekebishwa ili kuwa kosa kuchapisha namba zinazopingana na za serikali. Benki ya Dunia ikaonesha wasiwasi wake hadharani, na mwaka 2019 kifungu hicho kikalegezwa. Ndani ya miaka minane mlango ulifunguliwa, ukafungwa, ukafunguliwa tena kidogo. Penye sheria isiyo imara, uwazi unategemea aliyeko madarakani anajisikiaje.

Zanzibar bado haijaiandika sheria yake, na naona ni nafasi nzuri kwa sababu tunaweza kuanzia chini. Chukua banda la skuli. Utaratibu wetu unajulikana: wananchi wanachangishana, wanafyatua matofali, wanapandisha kuta hadi kwenye linta, kisha serikali inakuja kuezeka na kumalizia. Wakati kazi iko kwa wananchi, kila mtu anajua. Mifuko ya saruji mingapi, nani ametoa mchanga, fundi amelipwa nini, daftari liko kwa katibu wa kamati na linasomwa mbele ya watu baada ya sala. Siku serikali inapoupokea mradi, daftari lile linafungwa. Mkandarasi anafika, zabuni imeshapita, na mzee aliyetoa matofali yake mwenyewe hajui tena mabati yamegharimu kiasi gani wala kazi itaisha lini.

Hapo ndipo sheria ingeanzia. Kila mradi unaopokewa na serikali ubandikiwe ubao pale pale ulipo, wenye jina la mkandarasi, fedha zilizotengwa, fedha zilizokwisha kulipwa na tarehe ya kumaliza. Jedwali hilo hilo liwekwe mtandaoni, shehia kwa shehia, katika muundo unaojumlishika. Na ofisa mmoja atajwe kwa cheo chake kuwa ndiye anayepaswa kujibu kwa maandishi ndani ya siku zilizowekwa. Akinyamaza, swali liende kwa Mwakilishi wa jimbo, na kutoka kwake lifike kwenye Kamati ya Hesabu za Serikali ya Baraza. Bajeti husomwa kila mwaka kati ya Mei na Juni. Kabla ya kusomwa ijayo, kamati za skuli za Pemba zinaweza kumuandikia kila Mwakilishi wao barua moja yenye swali moja: fedha zilizopitishwa mwaka uliopita kwa ajili ya kumaliza mabanda, zimefika kwenye mabanda yepi?